Damari Aliyefichwa Msiba

Mgeni alisimama barazani, akamtazama Damari, kisha akamgeukia Tusekile, mkamwana wa huyo Damari, akauliza, "Mama anaendeleaje?"

Hebu fikiri. Mama mwenyewe yupo hapo hapo, hatua mbili, ameegemea furushi la mikeka. Macho anayo, masikio anayo, na mdomo, Mungu ashukuriwe, haujawahi kumpungukia tangu azaliwe. Lakini swali linampita juu ya kichwa linakwenda kwa mtu mwingine, kama mtu anayeulizia habari za mbuzi.

"Hivyo hivyo tu," Tusekile alijibu kwa sauti ya kanisani. "Leo uji ameumaliza."

"Maskini," mgeni akasema. Akaweka chini mkungu wake wa ndizi, akaondoka kwa kunyata. Kwa kunyata, jamani! Kana kwamba ndani mna maiti na anaogopa kuiamsha.

"Uji nimekunywa mimi!" Damari alimpigia kelele mgongoni, ingawa kelele zake siku hizo hazikuvuka hata ua. "Ungeniuliza mimi ningekwambia haukuwa na chumvi!"

Mgeni hakugeuka. Tusekile alikuja kumfunika miguu kwa kanga, akamwambia taratibu, "Mama, usijichoshe."

Neno hilo, usijichoshe, Damari alikuwa amelisikia tangu mvua za masika zianze, na kama lingekuwa na shingo angelikaba.

Alikuwa mfinyanzi, tena si mfinyanzi wa kubahatisha. Katika kijiji chao cha ufukweni mwa ziwa, chini ya milima ya Ukinga, wanaume walivua samaki na wanawake walifinyanga, na hakuna mwanamke aliyependa kupanga vyungu vyake jirani na vya Damari, maana wateja wangeona tofauti. Aliuweka udongo juu ya kigae cha mviringo, akakizungusha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukipandisha ukuta wa chungu, na muda wote huo anasema. Uani kwake walikaa wanawake sita, saba, kila mmoja na donge lake. Habari zote za ufuko ule, nani kaposwa, nani kafumaniwa, mtumbwi wa nani umetoboka, zilipita hapo kabla hazijamfikia mchungaji.

Vyungu vikishachomwa vilipangwa mtumbwini vikapelekwa sokoni Mwaya. Huko bei ilikuwa moja tangu enzi za mababu: chungu hununuliwa kwa kujazwa. Unakitaka? Kijaze mpunga, au maharage, ummiminie mwenyewe kwenye kapu lake, uondoke nacho. Mjerumani alikuja na rupia zake, akaenda zake. Mwingereza naye akaja na shilingi. Chungu kilibaki na bei yake tumboni.

Ndivyo alivyokutana na Atuganile, mke wa mkulima wa mpunga wa Ngonga, miaka arobaini nyuma. Atuganile alijaza mpunga hadi mdomoni mwa chungu. Damari akakishika, akakitikisa, mpunga ukashuka vidole viwili.

"Umetikisa!" Atuganile akafoka.

"Nimetikisa, ndiyo. Wewe umemimina kama unamwaga manyoya. Ongeza."

"Siongezi hata punje!"

Walirushiana maneno mpaka soko zima likawazunguka. Mwishowe Atuganile akachota kiganja kimoja kwa hasira, akaubamiza mpunga juu ya mpunga, ukaruka ukawaingia machoni wote wawili, na hapo wakaangua kicheko wakashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo haukupita msimu bila Damari kutikisa na Atuganile kufoka. Watu walikuja kuwaangalia makusudi.

Mume wa Damari alipokufa maji ziwani, Atuganile alifika kabla ya baadhi ya ndugu wa damu. Akalala chini kwenye majani ya migomba, ndani ya nyumba ya msiba, siku saba, akalia mpaka sauti ikamkauka. Maana kule msiba si jambo la kutuma salamu. Unakwenda kwa miguu yako, unalala chini na wafiwa, unalia kwa mdomo wako. Asiyeonekana msibani ana lake jambo, na watu watalitafuta hilo lake mpaka walipate. Siku ya saba, akijifunga kanga aondoke, Atuganile alimwambia, "Atakayetangulia, mwenzake atakuja kumlilia. Hata kwa kutambaa."

"Hata kwa kutambaa," Damari akaitikia.

Sasa, haya maradhi. Yalianza kwa pumzi, miaka michache baada ya vita vya Hitler. Kwenye njia ya machimbo ya udongo alianza kupumzika mara moja, baadaye mara tatu, kisha akashindwa kufika. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Akijaribu kulala chali, anahisi mtu kamkalia kifuani, basi akawa analala ameketi. Zebedayo, mwanawe wa pekee, mkulima na mzee wa kanisa, alimpakia mtumbwini akampeleka Mwaya kwa dresa Hezroni, mtu aliyekuwa na chumba chake cha dawa karibu na soko. Hezroni alimsikiliza kifua kwa ule mpira wake, akambonyeza miguu, akamwambia avae. Na Damari alipokuwa anavaa nyuma ya pazia, dresa akamvuta Zebedayo dirishani, wakanong'ona.

Alichoambulia Damari ni neno moja tu: moyo. Alipomuuliza dresa, dresa alitabasamu akampa vidonge. Alipomuuliza mwanawe mtumbwini, Zebedayo alitazama maji, akasema, "Amesema upumzike, mama."

Basi akapumzishwa! Kwanza udongo uliondolewa uani, usije ukamtia tamaa. Kisha wale wanawake sita, saba, wakahama na madonge yao wakaenda kufinyangia kwa Elizabeth, jirani, kwa sababu Zebedayo aliwaambia kelele zitamuua. Chumvi ikapunguzwa, hilo alilielewa, ingawa hakulipenda. Kanisani akakatazwa. Badala yake mwinjilisti akawa anakuja Jumatatu, anasali amefumba macho, anaitikia amina yake mwenyewe, huyo anakwenda. Watoto wakafundishwa kupita mbali na baraza. Na mazungumzo ya nyumbani, akikohoa tu, yanakatika.

Kila mtu alileta kitu, wala hakuna aliyekaa. Ndizi, samaki, mayai, angeweza kufungua genge. Alichokitaka yeye ni mtu mmoja wa kuketi naye amwambie nani kafumaniwa.

Na Zebedayo hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera Damari kuliko yote, maana mtu mbaya unamgombeza, moyo ukatua. Huyu alikuwa akimpangia mikeka mgongoni mwenyewe kila jioni, akimkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, akimwombea kwa jina. Utamgombezaje? Lakini hasira haiulizi kama mtu ni mwema. Ilikuwa imemkaa kifuani pamoja na ule uzito mwingine, na kuna nyakati Damari hakujua ni ipi kati ya hizo mbili inayomkata pumzi.

Ikaja siku moja ya mavuno ya mpunga. Aliwaona wanawake wa kijiji wanashuka ufukweni, wengi, mikeka kichwani.

"Wanakwenda wapi wale?"

Tusekile alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Harusini, mama. Ipinda."

"Harusi ya nani?"

"Huwajui, mama," Zebedayo akadakia kutoka ndani. "Watu wa kanisa la kule."

Damari akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na baadaye furaha hiyo ndiyo iliyomuuma kama jipu. Harusi ni harusi, hata ya usiowajua. Akanyoosha mkono nyuma ya furushi la mikeka akatoa kibakuli kidogo cha udongo, cha mwisho alichofinyanga kabla hawajamnyang'anya donge, chenye mdomo mwembamba na michirizi miwili ya udongo mwekundu. "Wape wampelekee bibi harusi," akasema. "Waambie Damari anamtakia heri. Azae, acheke."

Tusekile akakipokea kwa mikono miwili, akashuka nacho. Hakumtazama usoni.

Juma la pili yake Tusekile alipeleka Mwaya vyungu sita vya Damari, vile vya akiba vilivyokuwa darini. Vikarudi vyote sita.

"Soko lilikuwa baya," akasema.

Damari akavihesabu kwa kidole. Miaka arobaini chungu chake hakijawahi kurudi mtumbwini. Likaja soko jingine. Tusekile akaenda na sita, akarudi na sita, na safari hii macho yake yalikuwa mekundu.

"Vya Elizabeth vimechukuliwa?" Damari akauliza.

"Vimeisha, mama."

"Vya Elizabeth vimeisha, vile vyenye midomo ya upande, na vyangu vimerudi. Tusekile, keti hapa. Naumwa moyo, siumwi akili. Nani kavikataa vyungu vyangu?"

Tusekile aliketi, akaanza kulia. "Watu wa Ngonga, mama. Mwanamke mmoja alikuwa ameshajaza mpunga mpaka juu. Akauliza, cha nani hiki? Nikasema cha Damari. Akaurudisha mpunga wote kapuni kwake. Akasema hawezi kuwapikia watoto wake kwenye chungu cha mtu asiyezika."

"Asiyezika? Nimeshindwa kumzika nani mimi?"

Tusekile akajifunika uso kwa kanga. "Rafiki yako, mama. Atuganile. Tangu azikwe mwezi sasa."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Zebedayo alikificha kilio chenyewe, na vilivyomfichua ni vyungu.

Damari hakuanguka. Moyo wake, ule uliokuwa ukilindwa na kijiji kizima, haukupasuka. Uligonga kwa nguvu, ukagonga, ukaendelea na kazi yake. Aliitazama miguu yake iliyofunikwa kanga.

"Ile harusi," akasema. "Ile harusi ya Ipinda."

Tusekile akafuta machozi. Aliinuka, akaingia ghalani, akafukua ndani ya mpunga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akarudi na kibakuli.

"Nilimtakia azae," Damari akasema. "Anashushwa kaburini, mimi nimekaa hapa namtakia acheke."

Zebedayo aliporudi kutoka shambani, jembe begani, alimkuta mama yake amesimama, kashika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja na kibakuli kwa mkono wa pili. Majuma matatu hakuwa amesimama bila kushikwa.

"Mama, keti! Usijichoshe!"

"Nani aliyekuruhusu kunizika kabla sijafa?"

Zebedayo akatazama kibakuli, akaelewa. Jembe likateremka begani. "Mama, dresa alisema moyo wako..."

"Moyo wangu! Umekuwa wako lini? Atuganile alilala siku saba ndani ya nyumba hii alipokufa baba yako. Wewe umelala mapajani pake, unalia, anakufuta kamasi. Leo anakufa, hata wewe hukwenda?"

Hakwenda. Angekwendaje, na mama angeuliza anakwenda wapi? Ili siri isivuje, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekanyaga Ngonga, na watu wa Ngonga waliliona hilo. Tena wakapata na la kuongezea. Wazee wa zamani walisema anayevimba mwili amefikiwa na pumzi za hasira za watu aliowakosea. Ukristo ulikuwa umeingia, wamebatizwa wote, lakini maneno hayo hayakubatizwa. Hakuja kumzika mwenzake, walisema, na mtazameni anavyovimba. Wala hakuna aliyejisumbua kuuliza kipi kilitangulia, msiba au miguu.

"Kesho tunakwenda Ngonga," Damari akasema.

"Mama, utafia njiani."

"Basi nizike njiani, na watu wakikuuliza waambie ni harusi."

Asubuhi walitia mtumbwi majini. Damari aliketi katikati, mikeka mgongoni, kibakuli mapajani. Zebedayo alipiga kasia tangu ufukweni kwao mpaka Mwaya. Walipofika nchi kavu Damari hakutaka kwenda moja kwa moja. Alitaka kwanza kupita kwa dresa.

Hezroni alipowaona mlangoni alimwambia Zebedayo, "Karibuni. Anaendeleaje?"

"Niulize mimi," Damari akasema.

Dresa akageuka kama aliyeitwa na kiti.

"Ndiyo, mimi. Mgonjwa ni mimi, bwana dresa, na miguu hii ni yangu, hatujaigawana. Siku ile pale dirishani, ulimwambia nini huyu?"

Hezroni alimtazama Zebedayo, Zebedayo akatazama chini. "Nilimwambia moyo wako umechoka, mama," dresa akasema. "Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanakujaa miguuni na pumzi inakuwa fupi. Usibebe udongo, usile chumvi nyingi, ulale umeinuliwa, umeze vidonge. Na moyo ukishachoka hivyo haurudii ujana wake. Ndiyo hayo."

"Ulisema nisiambiwe misiba?"

"Nilisema asikushtue."

"Asinishtue. Haya uliyonieleza sasa hivi, ungenieleza siku ile, ningekufa?"

Dresa akauvua ule mpira shingoni. Mtu msomi, jamani, ana mpira wa kusikilizia moyo wa mtu mpaka ndani ya mbavu, na kumsikiliza mdomo tu, mdomo ulio wazi mbele yake, hakuwahi! Lakini lazima apewe haki yake, maana hakujitetea. "Usingekufa, mama," akasema. "Nilikukosea."

"Ndaga," Damari akamwambia. Ni asante ya Kinyakyusa, lakini alivyoitamka haikuwa ya kufunga mazungumzo. "Sasa tuazime baiskeli yako."

Hivyo ndivyo watu wa njia ya Ngonga walivyomwona mzee wa kanisa Zebedayo, katika jua la saa nne, anasukuma baiskeli ya dresa, na kwenye keria yake ameketi mama yake, miguu mikubwa inaning'inia upande mmoja. Kila aliyepishana nao, Damari alimsalimia, "Ugonile!" Wengine waliitikia. Wengine walimtambua, wakageuza uso. Wale waliogeuza uso aliwasalimia mara mbili.

Pumzi ilipokatika alipiga kiti kwa kiganja, Zebedayo akasimama, akamshusha chini ya migomba. Akikaa anahema, mwanawe anasimama pembeni na shati limemganda mgongoni, hajui auelekeze wapi uso wake. Pumzi ikirudi, Damari anasema, "Twende." Walisimama mara sita kabla ya kufika.

Nyumbani kwa marehemu majani ya msiba yalikuwa yamekwishafagiliwa. Marta, binti mkubwa wa Atuganile, alikuwa anatwanga mpunga uani. Aliwaona, akauacha mchi ndani ya kinu, akasimama pale pale.

"Mmepotea njia?" akauliza.

Damari alishuka, akatembea mwenyewe zile hatua chache hadi mlangoni, akajiangusha kwenye udongo mtupu, akalia. Alilia kama siku ya mazishi, kwa sauti na kwa jina: Atuganile, mwenzangu, nani atanifokea sasa? Nani ataongeza nikitikisa? Pumzi ikamkatika, akanyamaza anahema, ikamrudia, akaendelea pale alipoishia. Zebedayo akapiga hatua kumshika.

"Usiniguse!"

Majirani waliposikia kilio walitoka majumbani, maana kilio ni kilio. Wakamwona ni nani, wakasimama mbali, mikono imefumbatwa.

"Unalia leo," Marta akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Leo! Tulikuletea mtu mara tatu. Mara tatu, Mama Damari! Mara mbili mama yu hai, anakutaja wewe. Ya tatu kukwambia amefariki. Kila mara mjumbe anarudi na jibu moja, kwamba umelala."

Hilo Damari hakulijua. Ya msiba alikwisha kuyajua. Lakini kwamba Atuganile alimwita akiwa na uhai wake, akiwa anaweza kumtukana na kumjibu, hilo hata Tusekile hakulisema. Aligeuza shingo taratibu kumtazama mwanawe.

"Mara mbili yu hai?"

Zebedayo alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili. "Niliogopa, mama. Sina mwingine ila wewe. Nilifikiri nikikunyima huzuni nitakuongezea siku."

"Siku za kufanyia nini?"

Alingoja jibu. Alingoja kweli, maana alitaka kulijua, na watu wote wa uani walingoja pamoja naye. Zebedayo akainamia usukani.

Damari akanyoosha kibakuli. "Marta, mwanangu. Siku mnamzika mama yako niliwaona wanawake wa kwetu wanashuka na mikeka. Nikauliza, nikaambiwa wanakwenda harusini. Nikatoa hiki wampelekee bibi harusi. Udongo sina tena, wameniondolea, hiki ndicho cha mwisho kufinyanga. Nimekuja nikwambie hivyo tu. Ukiniamini, sawa. Usiponiamini nitakaa hapa hapa mpaka uniamini."

Marta akamtazama Zebedayo. Watu wote wakamtazama Zebedayo.

"Ni kweli," mzee wa kanisa akasema, mbele ya Ngonga nzima, na machozi yakamshuka hadi kidevuni. "Mama hana kosa. Nilimdanganya mimi. Wajumbe wote watatu niliwarudisha mimi."

Kisha mwanamke mmoja akafumbua mikono, akaanza kulia, na mwingine akamfuata. Marta alikipokea kibakuli, akakizungusha vidoleni, akateremka akaketi chini kwenye udongo karibu na Damari, bega kwa bega.

"Alikuulizia mpaka siku ya mwisho," akasema. "Damari amefika? Damari amefika? Tulichoka kumwambia bado. Asubuhi ile tukamwambia ndiyo, mtumbwi umeshatua Mwaya, yuko njiani. Akasema mtandikieni mkeka, na msimpe uji usio na chumvi, atanitukana. Akafa anatazama mlango."

"Na ninyi pia," Damari akasema.

"Na sisi pia, mama."

Haya, sema mwenyewe. Vikongwe wawili, mmoja huku anaambiwa ni harusi, mmoja kule anaambiwa rafiki yuko njiani, na katikati yao wamejaa watu wema watupu, kila mmoja anajisifu moyoni kwamba amemwonea mwenzake huruma! Damari alitaka kumgombeza Marta kama alivyomgombeza Zebedayo, na haki ya kumgombeza alikuwa nayo. Lakini pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya jambo moja tu, akachagua.

"Huo mkeka alioagiza nitandikiwe uko wapi?"

Marta aliinuka, akauleta. Ulikuwa bado umekunjwa vile vile ulivyokunjwa baada ya mazishi. Wakautandika ndani, wakaweka furushi nyuma, kwa kuwa moyo ule haukutaka mtu alale chali hata msibani, na Damari akasogea juu yake kwa magoti na viganja. Alipofika katikati alicheka kidogo, peke yake. Alikuwa amekuja kwa kutambaa kweli.

"Rudisha baiskeli ya watu," akamwambia Zebedayo aliyekuwa amesimama mlangoni. "Vidonge ninavyo. Nalala hapa siku saba."

"Na wakiniuliza nyumbani, mama?"

"Waambie mama yako yuko msibani. Neno hilo sasa unaweza kulitamka, au nikufundishe? Na mwambie Tusekile, nikirudi nikute wale wanawake wamerudi uani kwangu na udongo wao. Sitaubeba. Nitaufinyanga."

Zebedayo akasema ndiyo, mama. Akasimama kidogo kama aliyetaka kumpangia mikeka, akaona imekwishapangwa, akaondoka.

Jioni hiyo majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, kama watu wanavyoingia nyumba yenye kilio. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, ungo wa ndizi mkononi. Alisimama, akaitazama ile miguu iliyovimba kwenye mkeka, akamgeukia Marta, akauliza kwa sauti ya chini, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Marta hakuacha alichokuwa anafanya.

"Mdomo anao," akasema. "Muulize mwenyewe."

Yule mama akababaika, akaweka ungo chini, akamtazama Damari usoni kwa mara ya kwanza. "Mama," akasema, "unaendeleaje?"

"Keti kwanza," Damari akamwambia, akampigapigia mkeka ubavuni pake. "Habari zangu ni ndefu, na pumzi yangu ni fupi."